Ombi la Kutambuliwa Kuwa Mgeni Nyumbani Kwetu

Kwa Bibi mpendwa, mzaa mama,

Shikamoo Bibi. Natumaini goti limepoa. Sisi sote hatujambo, isipokuwa kabati la jikoni. Ninakuandikia wewe kwa sababu ndiwe uliyemzaa Mama, na sioni mamlaka nyingine iliyo juu yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Rafu ya chini ina chumvi, mafuta na vitunguu. Hiyo ni yetu. Rafu ya juu ina samli, mchele wa kunukia, iliki, mdalasini na asali. Nikinyoosha mkono tu, Mama anasema, "We mtoto, hivyo ni vya wageni, huoni?" Naona, Bibi. Ndiyo maana nalalamika.

2. Wageni wenyewe hawaji. Iliki imekaa mpaka imeishiwa harufu. Mchele wameanza kuula fukusi, ambao hata hodi hawakupiga.

3. Fundi bomba alihesabiwa mgeni. Alikunywa chai ya iliki, akaongezewa, akaenda zake, na bomba bado linavuja. Mimi sijavujisha kitu tangu nilipoacha nepi, lakini chai yangu ni ya rangi tupu.

4. Jumamosi nilivaa gauni la kutokea, nikazunguka nje, nikapiga hodi mlango wa mbele. Mama akaitikia, "Karibu mgeni, pita na hiyo ndoo." Kaka alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umwamuru Mama anitambue rasmi kuwa mgeni wa kudumu. Sitaki makuu, Bibi. Nataka tu siku moja samli ifunguliwe kwa ajili yetu.

Nisalimie Babu, mama mdogo na kuku wote, hata yule anayedonoa watu.

Mjukuu wako mtiifu,
Kitinda Mimba

N.B. Nilimpa Mama barua hii aihakiki. Aliisoma, akakubali ombi. Leo mchana nimeandaliwa sebuleni peke yangu, wali wa samli kwenye sahani ya maua. Yeye na Kaka walikuwa jikoni wanacheka, sijui walicheka nini. Nilipoinuka nikaone, Mama akasema, "Keti mgeni wetu, usijisumbue." Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, naondoka lini.

Bibi, ombi nimelifuta. Nilibeba sahani yangu hadi jikoni, Kaka akanisogezea kigoda, na wali tumeumalizia sufuriani sote watatu. Barua naituma tu kwa sababu stempu nilishaibandika.