Uwanja wa Mahabusu, Nje ya Ukuta

Jumatatu, 3 Juni
Nimemaliza kujenga uwanja. Nyasi za kijani, magoli meupe, viti vya watazamaji. Fedha za umma zimefanya kazi. Shemeji yangu, ofisa ugavi wa kambi, aliuliza mahabusu wa jeshi watafikaje. Nikamwambia kwa miguu. Akasema uko nje ya ukuta. Nikamwambia ndani hapakuwa na nafasi. Akanitazama sana. Sielewi shida yake.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji kanieleza upya, polepole. Mahabusu hawatoki. Ndiyo maana wakaitwa mahabusu. Mbona hakusema mapema? Wakaguzi wa serikali wanakuja Alhamisi kuwaona wakicheza. Wasipowaona, nakosa kazi ya kujenga ukumbi wa mazoezi, na nimemwahidi mke wangu kuwa kwa kazi hiyo tutahama kutoka kwa mama yake. Mama mkwe kasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sikumjibu; nakula kwake.
Nimemwomba mkuu wa kambi asogeze ukuta. Amekataa. Watu wengine hawapendi maendeleo.

Jumatano, 5 Juni
Akili ni mali! Dobi wa kambi kaniazima sare za mahabusu. Waashi wangu watazivaa na kucheza. Golini nitakaa mwenyewe. Shemeji sijamwambia, mdomo wake hauna mlango.

Alhamisi, 6 Juni
Wakaguzi walipiga makofi. Mkubwa wao alisema hajawahi kuona mahabusu wenye furaha namna hii. Wakaondoka wakitabasamu.
Ndipo mlinzi wa mnarani akaona mahabusu nje ya ukuta. King'ora. Wanajeshi kila upande. Nikamwambia sajenti mimi ni mkandarasi. Akasema aliyetoroka mwezi uliopita naye alijiita daktari wa meno. Sijui hilo linanihusu nini.

Jumamosi, 8 Juni
Bado tumefungwa ndani. Shemeji alikuja kututoa, kwa sharti tuwaambie wakaguzi ukweli. Waashi walikubali wakatoka mbio, bila hata kuniaga. Mimi nimekataa. Kazi ya ukumbi nisiipoteze kwa haraka ya kwenda nyumbani.
Mama mkwe ametuma salamu: chumba changu amekipangisha. Basi nusu ya ahadi nimetimiza, nimehama.
Dirishani nauona uwanja. Watoto wa maofisa wanacheza. Inaniuma, maana humu joto ni kali na watu hawana pa kujipumzisha. Wanahitaji bwawa la kuogelea. Nimepima uani kwa macho, nafasi hakuna.
Litakaa vizuri kule nje, kando ya uwanja.