Tundu Nililoliona Mimi Kwanza

Jumatatu, 7 Juni 1999

Siku kubwa. Kuanzia leo mimi, Byron Otuoma, ni Mkaguzi wa Usalama wa Programu. Nani kaniteua? Mimi mwenyewe. Lakini nimetangaza hotelini mbele ya watu na hakuna aliyepinga.

Sababu ni Alama. Hii ni programu ya kompyuta ya kujumlisha maksi za wanafunzi. Aliiandika Mwalimu Scovia, wa hesabu pale shule ya wasichana, na wenzake wawili, na wanaigawa bure kwa disketi kutoka Oyugis mpaka Isebania. Wanagawa hata maandishi yake ya ndani, mstari kwa mstari. Ukitaka, soma. Ukiona kosa, rekebisha na umrudishie. Sijaona watu wakarimu namna hii. Wala wajinga.

Sasa wakuu wa shule wanakutana Homa Bay Jumanne ya wiki ijayo. Wataamua kama maksi za mtihani wa pamoja wa majaribio zitaingia kwenye Alama, au wanunue programu ya kampuni fulani ya Nairobi, ambayo ndani hairuhusiwi mtu kuchungulia. Mwenyekiti wao ni Bwana Werema, hedimasta wa kule Isebania, na anataka kuhakikishiwa usalama. Siku hiyo hiyo watachagua Mkuu wa Usalama wa Alama. Nakitaka hicho cheo. Nimekitaka tangu asubuhi na tayari nimeagiza muhuri.

Monari naye anakitaka. Ana chuo cha kompyuta mkabala na changu, ng'ambo ya barabara ya Isebania. Yeye ana kompyuta sita. Mimi nina mbili, moja ya kuonyesha tu.

Jumanne, 8 Juni

Ukaguzi umeanza, shuleni kwa Scovia. Nikavua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta, kama ilivyo ada. Mwalimu mmoja akapita na sandali zake. Nikamwambia virusi huingia hivyo hivyo. Akasema virusi vya kompyuta haviji kwa miguu. Nikamkata maksi ishirini.

Nikamuuliza Scovia ni nani anaruhusiwa kubadilisha Alama. Akasema yeyote anaweza kupendekeza, ila hakiingii kitu mpaka watu wawili wengine wamekisoma na kukubali. Nikamwambia tatizo ndilo hilo, mwizi anaonyeshwa dirisha bovu. Akanijibu bila kupandisha sauti kwamba na jirani mwenye nyundo anaonyeshwa. Eti penye wengi hapaharibiki neno. Nikamwambia penye wengi pana mengi. Tukatoka sare.

Nimependekeza disketi zote zifungiwe kwenye sanduku la chuma na ufunguo nikae nao mimi. Akauliza shule zitatumiaje programu iliyofungiwa. Nikamwambia hilo ni swali la idara nyingine.

Jumatano, 9 Juni

Yawa! Nimelipata!

Na sikuwa natafuta. Nilikuwa kwangu na disketi ya Alama niliyopewa nikague, nimesahau neno lake la siri. Kwa hasira nikabonyeza kile kitufe cha Esc, cha juu kabisa kushoto. Alama ikafunguka yenyewe, maksi zote zimelala pale kama dagaa wa omena juani. Nikajaribu tena. Ikafunguka tena. Nikacheza mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta.

Nikapanda baiskeli mbio kwa Scovia. Akajaribu, kisha akanipa mkono. Mikono miwili! Akasema nimefanya kazi ya maana. Halafu akanieleza desturi yao. Anayeona tundu huwaambia wao watatu peke yao, na mdomo hufungwa mpaka disketi iliyorekebishwa imefika kila shule. Baada ya hapo ndipo hutangazwa, na jina la aliyeliona huandikwa ndani ya programu kwa shukrani. Tundu ataliziba kesho. Disketi zitafika kote kufikia Jumatatu.

Nimeapa kwa kaburi la babu. Jina langu ndani ya programu! Usingizi utatoka wapi?

Alhamisi, 10 Juni

Nimemwona Monari stendi, disketi mfukoni mwa shati. Nikamuuliza ni ya nini. Akatabasamu. Yule mtu hatabasamu bure.

Nikamuuliza kama ameona chochote kwenye Alama. Akasema kila mwenye kutafuta hupata, omera, ndugu yangu. Maana yake nini? Nimeshindwa kula. Chai tu, na mandazi matatu.

Jumamosi, 12 Juni

Mazishi ya mzee wetu, Jaduong' Ogola, mwalimu mstaafu, huko Uriri. Watu kama mchanga. Shule tatu zimeleta wanafunzi kuimba. Kila kundi likapewa kipaza sauti kama kawaida yetu: kanisa, wakwe, ukoo, walimu, diwani, na wanaotaka kumwondoa diwani. Kisha msimamizi akamwita Monari. Monari akasimama, akatoa disketi, akasema ana jambo la kompyuta ambalo ameliweka moyoni siku nyingi.

Damu ikanipanda. Mimi nimejikaza siku tatu, halafu yeye aje achukue! Kabla hajamaliza kukohoa nilikuwa nimeshafika na kipaza sauti nimekishika. Nikasema mimi, Byron Otuoma, ndiye niliyeliona kwanza. Nikaeleza tundu lote. Kitufe gani, kiko wapi, ubonyeze mara ngapi. Kwa walioketi nyuma nikarudia kwa lugha yetu ya Dholuo. Wanafunzi walitulia tuli. Wengine waliandika kwenye viganja. Kumbe vijana wetu wanapenda elimu namna hii, na watu wanawasema vibaya.

Nikapigiwa makofi. Scovia hakupiga, alikuwa ameficha uso kwenye leso. Nikajua ni uchungu wa msiba.

Baadaye Monari akanivuta kando ya hema. Akasema marehemu ndiye aliyemfundisha kupiga chapa, na kwenye disketi ile mlikuwa na hotuba ya mwisho ya mzee, alitaka kuikabidhi familia. Basi. Angesema mapema.

Jumatatu, 14 Juni

Mambo yameharibika. Jana wanafunzi waliingia vyumba vya kompyuta. Uriri, Kidato cha Nne kizima kina A ya kemia, pamoja na kijana aliyehamia Mwanza mwezi wa kwanza. Oyugis, mpishi wa shule amefaulu fizikia. Isebania ndiyo mbaya. Bwana Werema mwenyewe yumo kwenye orodha ya Kidato cha Pili, wa mwisho darasani, D ya Kiswahili. Maoni ya mwalimu: ana uwezo akijitahidi.

Nilitaka Scovia anigombeze. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba wakuu wakiikataa Alama kesho, shule zisizo na uwezo zitarudi kujumlisha kwa mkono, na miaka miwili ya kazi yao watatu imekwenda hivyo. Halafu akageukia kazi. Nikaona aibu mpaka saa sita hivi.

Lakini ilikuwa siku ya ajabu! Walimu walikuja bila kuitwa. Mmoja anasoma marekebisho, mwingine anayasoma tena, wengine wanarudisha maksi halisi kutoka kwenye karatasi za mitihani. Monari akabeba disketi kwa pikipiki yake, akaanza Ogwedhi akamalizia Isebania. Mimi nikakumbusha habari ya viatu. Nikaambiwa nipike chai. Nikapika, na ikasifiwa. Jioni hakukuwa na shule hata moja yenye tundu.

Jumanne, 15 Juni

Homa Bay. Ukumbi umejaa mahedimasta na suti zao. Bwana Werema akasimama, bado ana hasira ya ile D. Akauliza nani anataka kumpa mlango ambao mtoto anaufungua kwa kidole kimoja.

Scovia akasimama. Hakukana. Akasema tundu lilikuwa lao tangu siku ya kwanza, ni kosa lao. Liliripotiwa Jumatano, likazibwa Alhamisi, na lilipotangazwa kabla ya wakati wake shule zote zilirekebishwa ndani ya siku mbili, kwa sababu kila mwalimu angeweza kuona ndani na kusaidia. Akawaomba wakuu waiulize ile kampuni ya Nairobi programu yake ina matundu mangapi, na nani atakayewaambia. Bwana Werema akajikuna kidevu muda mrefu, kisha akawa wa kwanza kuinua mkono. Alama ikapita. Nilipiga kelele za shangwe hadi nikaombwa niketi.

Ikafika zamu ya Mkuu wa Usalama. Nikanyoosha koti, nikasimama. Wakamtaja Monari. Mpaka sasa sielewi.

Lakini sikiliza! Bwana Werema akaongeza kwamba kuanzia leo, aliyeona tundu haruhusiwi kusogelea kipaza sauti mpaka lizibwe, na sheria hiyo iitwe Kanuni ya Byron. Ukumbi wote ukacheka kwa furaha, ukanigeukia, ukapiga makofi. Kanuni yenye jina langu, shule zote hizi! Monari ana cheo tu. Vyeo huisha.

Alhamisi, 17 Juni

Ukaguzi unaendelea. Leo Oyugis. Shule imefungwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula, hakuna mtu, nikachungulia dirishani. Sikuamini macho yangu. Neno jipya la siri ni refu, kwa hivyo walimu wameliandika kwa chaki ukutani juu ya kompyuta. Herufi kubwa. Hatari tupu, na mimi ndiye niliyeona kwanza.

Kanuni ya Byron nimeifuata barabara. Kipaza sauti sijakigusa. Lakini shule lazima ionywe upesi na simu yao imekufa. Nikanunua kadi za salamu za redio, zinazosomwa hewani katika kile kipindi cha Jumapili mchana ambacho Nyanza nzima husikiliza. Nimewasalimu hedimasta na walimu wote, nikawaomba wabadilishe neno la siri mara moja. Na ili wasije wakabadilisha lisilo lenyewe, nimeliandika lote, herufi kwa herufi, pamoja na jina la shule.