Damu Yangu Imeniangusha

Jumatatu, 10 Novemba
Theluji ya kwanza. Inaanguka polepole kama usingizi, ule nilioukosa tangu mwanangu Helka azaliwe, miezi saba sasa. Wifi yangu Marjut kapimwa damu. Tezi yake ya shingo imezembea, ndiyo inayomchosha. Basi mama mkwe Tyyne kawachukua watoto wa Marjut wiki nzima, nyumba ya ziwani. Marjut analala! Nami nitapimwa. Nimeomba himoglobini, kuona kama damu imepungua, na akiba ya chuma. Vikisoma chini, zamu ya Helka ziwani. Mpango: sigusi nyama.

Jumatano, 12
Siku ya tatu ya uji wa shayiri. Nimepauka vizuri. Mume wangu Ilpo kasema nimependeza. Hana macho.
Alasiri kaja mama mkwe toka ziwani, watoto wa Marjut nyuma yake, na chapati za maji zilizopikwa kwa damu ya ng'ombe, beri nyekundu juu. Nikaonja moja kwa heshima. Nikala tisa.

Alhamisi, 13
Maabara. Vichupa viwili, kifuniko cha zambarau na cha manjano, kama maua. Nikaota natembea kati yake, peku. Mpimaji akanigusa bega: tumemaliza zamani. Usingizi mtamu kuliko wote mwaka huu, na sindano mkononi.

Ijumaa, 14
Majibu yameingia kwenye simu. Himoglobini 138, ya kutosha kabisa. Chuma tele. Chapati zile! Nikapiga simu kliniki kulalamika. Muuguzi akasema mlo wa siku moja haujazi akiba ya chuma. Damu yangu nzima, nimechoka tu. Akauliza: kuna mtu nimemwambia nimechoka? Swali gani hilo.
Kugeuka, mama mkwe yuko mlangoni, kasikia yote. Akampokea Helka.
"Wewe mtoto, si ungesema tu?"
Nikamvalisha Helka soksi mbilimbili za kwenda ziwani, nikanusa utosi wake, nikaandika saa za maziwa. Na sukari asipewe, hata akilia. Hilo nililisema mara mbili.

Jumapili, 16
Kimya cheupe dirishani. Nimelala saa kumi na moja mfululizo! Mama mkwe kapiga simu: Helka mzima, na nikichoka tena nimwambie, siku yoyote.
Mama mwema. Ila wiki nzima kama ya Marjut huiombi hivihivi, mikono mitupu. Tezi yangu bado haijapimwa. Nimeshashika nafasi Jumanne, saa mbili asubuhi. Chapati zilizobaki nimezimaliza leo, zisije zikaniharibia tena.