Joka la Yuro Elfu Kumi na Nane

Katika mji wetu wa Valjevo hakuna aliyewahi kuwa tajiri kwa muda mrefu kama Miladin bila kushika hata senti moja. Alikuwa tajiri kuanzia Machi mpaka plamu zilipoiva, na utajiri wake wote ulikuwa ndani ya boksi moja la karatasi ngumu, dogo kuliko mkate.

Miladin ni jirani yangu, mlango kwa mlango. Anauza vigae vya bafuni katika duka karibu na stesheni. Mama yake, Bosiljka, alipofariki, aliwaachia yeye na dada yake Desanka vitu viwili: shamba la plamu lenye kijumba huko mlimani, na chumba cha chini cha jengo letu kilichojaa makorokoro. Katika makorokoro hayo Miladin akakuta gemu ya video ya zamani, ile ya kaseti, aliyoletewa na shangazi yake kutoka Ujerumani alipokuwa mtoto. Gemu yenyewe iliitwa Joka la Barafu. Boksi lilikuwa limefungwa kwa nailoni yake, nyororo, bila mkwaruzo. Halikuwahi kufunguliwa, au ndivyo alivyoapa.

Akaingia mtandaoni kutazama bei. Akamkuta mtu wa Ureno anaiuza gemu hiyo hiyo kwa yuro elfu kumi na mbili.

Nilimwambia kwamba kuomba si kupata, na kwamba hata mimi naweza kutangaza soksi zangu kwa bei ya trekta, ila soksi zitabaki miguuni mwangu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama ng'ombe anayejaribu kusoma gazeti. Akaweka tangazo: yuro elfu kumi na tatu. Baada ya wiki moja Mreno akaona, naye akapanda hadi elfu kumi na tano. Miladin akaja kunigongea mlango, uso unang'aa. Soko limechangamka, akasema, na akapanda hadi elfu kumi na nane.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwenye gemu, yeye, akisifiwa huitia sifuri.

Basi maisha katika nyumba ile yakabadilika. Joka likalazwa juu ya mto, upande wa kitanda aliokuwa akilala mkewe, Ruža. Ruža akahamia kwenye kochi. Kupika kabichi kukapigwa marufuku, eti mvuke unalegeza nailoni. Madirisha yakafungwa mwezi wa Julai, kwa sababu upepo wa kupenya, ambao kwetu unaua watu, usingeshindwa kuua boksi. Dukani akaanza kuwahudumia wateja akiwa ameketi. Mwenye duka alipomuuliza kama miguu inamuuma, alijibu kwamba miguu haina neno, ila mtu wa hadhi yake hasimami kwa ajili ya kigae.

Wanunuzi nao walikuwepo, kwa namna yao. Mmoja wa mji wa Novi Sad alisema atatoa yuro arobaini. Mwingine aliahidi matairi manne ya baridi na mbuzi. Miladin alimjibu huyu wa pili kwa barua ndefu kuhusu heshima. Ruža, aliyekuwa hajalala kitandani tangu masika, aliuliza polepole kama mbuzi ni jike.

Hapo ndipo Desanka alipokuja na jambo lake. Ni mkubwa kwa Miladin, alikuwa muuguzi, sasa amestaafu, na kitu pekee alichokitaka duniani ni kwenda kuishi kwenye kile kijumba cha mlimani, akavune plamu zake kwa amani. Akamwomba mdogo wake amuuzie nusu yake ya shamba.

Miladin akakuna kidevu. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Shamba zima halikufika yuro elfu nane. Joka lilikuwa elfu kumi na nane, na nusu ya Joka, kisheria, ilikuwa ya dada yake. Akaona bora amlaghai dada yake kabla dada hajaamka. Akamwambia kwa sauti ya padri kwamba kati ya ndugu pesa ni aibu: achukue shamba lote, naye abaki na kile kigemu, kwa kumbukumbu tu.

Nilikuwepo, nimealikwa kunywa kahawa. Desanka hakufurahi. Aliweka kikombe chini.

"Miladin, mdogo wangu, sitaki kukudhulumu," alisema. "Ile nailoni ni ya mama. Alikuwa anapakia biskuti kiwandani, na pale palikuwa na mashine ya kufungia nailoni. Alifunga kila kitu. Alifunga rimoti, alifunga mshumaa wa ubatizo wako. Na kaseti yenyewe ulibadilishana na mtoto wa mwokaji, akakupa ndoano za kuvulia samaki."

Miladin alicheka mpaka akakohoa. Dada yake alipoondoka alinishika mkono. "Umemsikia, jirani? Anashusha bei. Huyu mama anajua biashara, kumbe!"

Wakaenda kwa mthibitishaji wa hati. Yule bwana alipouliza Miladin anapata nini badala ya nusu ya shamba, akaonyeshwa boksi lenye picha ya joka linalotoa moshi wa bluu, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Joka halikubadilika. Akagonga muhuri.

Baada ya hapo akaja mnunuzi wa kweli. Vidak alikuwa mkusanyaji wa gemu kutoka Belgrade, kijana mpole mwenye glavu nyeupe. Alilitazama boksi pande zote, kisha akasema kwamba gemu hii, ikiwa halisi na haijafunguliwa, huuzwa kwa yuro mia mbili. Hizo elfu kumi na nane ziko kwenye matangazo tu, na matangazo hayali wala hayanywi. Tena, akasema, mshono wa nailoni hii ni wa ajabu, ameuona kwenye biskuti. Alitikisa boksi karibu na sikio.

"Kaseti hailii hivi, kaka," alisema. "Hii inalia kama mvua juu ya bati."

Miladin alisikia neno moja tu, halisi. Vidak akamwambia kwamba atanunua akihakikishiwa kilichomo. Lakini kulifungua Joka ni kulichinja, na Miladin hangeweza kulichinja. Alikaa siku nzima analitazama. Mwisho akaamua lipigwe eksirei.

Hospitali walimuuliza anaumwa wapi. Alipoonyesha boksi, walimpeleka kwa daktari wa vichwa, ambaye kwa bahati alikuwa likizo. Basi nikaendesha gari langu mimi, yeye ameketi nyuma na Joka amelifunga mkanda, tukaenda kwa Daktari Tihomir, bingwa wa mbwa, ng'ombe na kasuku wa mkoa mzima. Kwa lita moja ya rakija, pombe yetu kali ya plamu, alikubali. Ila kadi ya mgonjwa ilibidi ijazwe, maana Tihomir ni mtu wa utaratibu. Jina: Joka. Umri: miaka thelathini. Jinsia: haijulikani.

Tukangoja nje kati ya paka aliyevunjika mguu na kobe asiye na tatizo lolote la kuonekana. Miladin alikuwa amepauka. Nilimwonea huruma, kusema kweli, kwani wakati ule kama jambo lingekwenda vibaya alikuwa hana shamba, hana kitanda chenye mke, na kazini alikuwa amewaudhi wote.

Tihomir akatoka na picha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mnyama wako amemeza vifungo," akasema. "Vifungo vya koti, vingi. Sindano mbili, kastabini, na mkasi mdogo. Angekuwa mbwa ningempasua leo leo."

"Asipasuliwe," Miladin akanong'ona, akalikumbatia boksi.

Vidak alirudi Belgrade na basi la saa kumi.

Habari ikafika mlimani kabla yetu. Jumapili Desanka akashuka, mikono ina madoa ya plamu. Akambusu mdogo wake mara tatu, akaketi, na bila kumcheka hata kidogo akamwambia kwamba hakulala. Shamba ni la mama, akasema, na yeye hawezi kula haki ya ndugu yake kwa sababu ya boksi la kushonea. Waende Jumatatu kwa mthibitishaji, amrudishie nusu yake, na kile kiboksi wagawane kama zamani.

Ruža alifumba macho akashukuru Mungu. Mimi nilishukuru pia, kwa sauti ya chini. Milango ya heshima ilikuwa wazi. Ilibaki Miladin apite tu.

Miladin akamtazama dada yake kwa jicho la pembeni, kisha tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo likaenea taratibu.

"Dada," akasema, "nusu tena? Kumbe na wewe umeona vifungo vya zamani vinavyopanda bei."