Uhalisi wa Pijo ya Mama Janeffer

Kuanzia leo, hakuna gari litakaloruhusiwa kuwa la zamani katika kaunti hii bila idhini ya serikali. Hayo ndiyo maneno aliyoyasoma Mwenyekiti wetu, Bwana Kipkurui, mbele ya wanahabari wawili na spika moja iliyokuwa ikikohoa, siku tulipozindua Kamati ya Kuthibitisha Uhalisi wa Magari ya Kale na Vifaa Vinavyofanana Nayo. Nilisimama nyuma yake nimeshika mwavuli. Hakukuwa na mvua, lakini katibu anapaswa kuonekana ameshika kitu.

Katibu ndiye mimi, Isaiah. Nilisoma ngumbaru usiku baada ya kuchuma chai mchana, na nikaendelea kusoma hata wenzangu walipoona kujua kutia sahihi kunatosha. Kwa hiyo jina la kamati nalitamka lote bila kupumzika katikati, jambo ambalo Mwenyekiti mwenyewe hajalimudu.

Kamati ilihitajika sana. Matajiri wa Nairobi na Nakuru walikuwa wameanza kuja vijijini kwetu kununua magari yaliyochakaa, na watu wetu walikuwa wakiyauza hivi hivi, kwa bei waliyokubaliana wao wenyewe. Serikali haiwezi kukaa kimya huku uzee ukiuzwa kiholela.

Ofisini Kericho hakupatikana mtu anayejua magari ya kale. Tulichagua basi watu wenye uzoefu wa kukagua. Wanakamati wanne walikuwa makarani wastaafu wa vituo vya kununulia majani ya chai, wazee waliokataa magunia ya wakulima maisha yao yote na hawajawahi kujuta. Mtaalamu wetu wa ufundi alikuwa Bi Dorine, afisa wa wafanyakazi, anayeshughulikia likizo na kustaafu. Aliteuliwa kwa sababu ana gari.

Ombi la kwanza lilitoka Roret, kwa mjane aitwaye Rodah, au Mama Janeffer. Marehemu mumewe, Kipkemoi, alikuwa amenunua Pijo 404 iliyoachwa na mzungu meneja wa shamba la chai, wakati kuku walikuwa wakitagia ndani yake. Alilifufua pole pole, leo taa, mwaka ujao mlango, na alipofunga skrubu ya mwisho hakukaa sana, naye akaaga dunia. Sasa mjane alikuwa amempata mnunuzi, Daktari Nyamwange, mng'oa meno wa Nakuru anayekusanya magari. Daktari alikuwa na bei nzuri lakini alitaka cheti, kwa kuwa aliwahi kuuziwa gari ambalo nusu ya mbele na nusu ya nyuma zilikuwa hazijawahi kukutana. Na Janeffer, binti wa nyumba hiyo aliyekuwa amengoja karo miaka mingi, alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi huko huko Nakuru. Alitakiwa kuripoti Jumatatu, na chuo hakipokei Pijo badala ya karo. Kikao chetu kilikuwa Ijumaa.

Kwa ajili ya ukamilifu naongeza kwamba Mwenyekiti pia alilipenda gari hilo. Alikuwa amekwenda kwa mjane mara kadhaa, kwa gari la serikali, kumshauri kwamba Pijo ni mzigo kwa mwanamke aliye peke yake. Alijitolea kumtua mzigo huo kwa ndama, ambaye alikuwa bado hajazaliwa. Mjane alimpa chai na kumkatalia. Sisemi jambo hilo lilihusiana na yaliyofuata.

Tulikutana katika kituo cha majani cha Roret, kwa kuwa kina paa na mizani. Makarani walilizunguka gari, wakalipapasa, wakalinusa. Mmoja alitafuta mahali pa kuingiza mkono hadi chini, maana wakulima huficha majani makuukuu chini ya gunia. Kisha ikaja hatua ya uzito. Mizani ya kituo ni ile ya kuning'iniza, na gari halikukubali kuning'inia. Kwa busara, kamati iling'oa gurudumu moja, ikalipima, ikazidisha kwa nne, ikatoa kilo mbili za gunia na kilo moja ya umande, kama wakatwavyo wakulima wa chai.

Bi Dorine aliuliza injini imehesabiwa wapi. Aliambiwa injini ni kama kijiti cha chai, hailipiwi.

Kitabu cha watengenezaji kinasema gari hilo linapita kilo elfu moja. Sisi tulipata chini ya mia. Upungufu huo ulimsikitisha sana Mwenyekiti. Kilichomsikitisha zaidi ni mng'aro. Alieleza kwamba kitu cha umri ule hakiwezi kung'aa vile bila nia mbaya, na kwamba kanuni zetu zinataka kitu cha zamani kionekane cha zamani. Alipendekeza mwombaji arudishe kutu na, ikiwezekana, kuku. Tena alidai Pijo ya kweli, ile aliyoletewa mzungu meneja wa shamba la chai, ilikuwa ya kijani. Hii ni nyeupe iliyochujuka. Kwa hiyo si yenyewe, ni ya kuigiza.

Mama Janeffer alijibu kwamba marehemu aliikuta rangi hii hii chini ya zulia, mahali jua halifiki, akaenda nayo kwa muuza rangi ili amtengenezee ya kufanana. Namba ya injini ilikuwa ile ile ya kwenye kibati. Mwenyekiti alisema namba haina rangi. Akatangaza kwamba gari lisilo halisi linaweza kununuliwa kama chuma chakavu na raia yeyote mwema, kisha akakohoa kidogo, kana kwamba raia huyo hayuko mbali.

Daktari Nyamwange alitazama saa. Janeffer, aliyekuwa amesimama kando ya sanduku lake la safari, alikaa juu yake.

Hapo mama yake akasimama, akatengeneza leso yake, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Asante, mwanangu," alimwambia Mwenyekiti.

Lazima nieleze. Mwezi uliotangulia ofisi ilikuwa imemfanyia Mwenyekiti sherehe ya kuzaliwa. Juu ya keki paliandikwa hamsini na saba, na kila aliyekula aliiona namba kabla ya kuimeza. Watumishi wa serikali hustaafu wakifika sitini. Mama Janeffer naye hafichi kwamba anakaribia sabini. Kwa hesabu ya keki, basi, alikuwa amesema sawa. Lakini huku kwetu umri hauhesabiwi kwa keki. Unahesabiwa kwa jando, ulitoka mwaka gani na nani, na hilo ndilo linaloamua nani akae, nani asimame, nani apewe kibuyu kwanza. Na nje ya ua wa kituo walikuwa wameegemea wazee kadhaa waliotoka jando msimu mmoja na Mwenyekiti. Waliposikia "mwanangu" waliacha kutafuna.

"Mama, tuheshimiane," alisema Mwenyekiti. "Niite Mwenyekiti."

"Sawa, Mwenyekiti mwanangu. Nilikuwa nauliza tu. Wewe mtoto utajuaje hii gari ilikuwa rangi gani? Ikiletwa kwa mzungu, mama yako alikuwa bado kwao hajaolewa."

Nje mzee mmoja alimwambia mwenzake, kwa sauti ya kutosha, "Mwambie huyo kijana asogee, anatuzuia kuona gari."

Nimemtumikia Mwenyekiti kwa muda na nimemwona akitukanwa na madiwani bila kupepesa macho. Lakini neno hilo lilimwingia. Aliinuka, akaivua miwani.

"Kijana ni nani? Mimi niliisukuma hii gari kwa mikono yangu, hapo kwa mteremko, mwaka wa sitini na tisa, tukiwa tumetoka jando na bwana ya huyu mama. Ilikuwa imekwama kwa matope, na mzungu amekaa ndani anavuta sigara. Ilikuwa nyeupe hivi hivi kama maziwa. Na hii bampa ya nyuma ndiyo nilikunja na goti. Njooni muone."

Akawaongoza yeye mwenyewe. Akainama bila kuonyeshwa, akaweka kidole kwenye mbonyeo mdogo chini ya bampa, ambao Kipkemoi alikuwa amekataa kuunyoosha maisha yake yote. Makarani waliupapasa kwa zamu. Waliridhika. Chini ya gunia kulikuwa na majani mazuri.

"Niandike hivyo, Mwenyekiti?" niliuliza.

"Andika. Andika na mwaka."

Niliandika. Kwa kanuni zetu, ushahidi wa mtu aliyeliona gari kwa macho yake unashinda mizani, unashinda rangi, unashinda hata kitabu cha watengenezaji. Kanuni hiyo aliitunga Mwenyekiti. Gari likawa halisi papo hapo.

Ndipo Bi Dorine, ambaye kazi yake halisi ni kuhesabu nani anastaafu lini, akaanza kukunja vidole.

"Bwana Mwenyekiti," alisema taratibu, "sitini na tisa ulikuwa na miaka miwili. Mimi mwenyewe nilikula keki."

Mwenyekiti alimtazama Bi Dorine. Akawatazama wazee wa nje. Upande mmoja kulikuwa na kiti, gari la serikali na dereva. Upande wa pili kulikuwa na rika lake lote, limeegemea ua, linangoja.

"Andika kwamba nilisimuliwa na baba," alisema hatimaye.

Wazee walicheka mpaka mmoja akahitaji kushikiliwa. Niliuliza kama goti nalo alisimuliwa na baba. Alivuta cheti, akatia sahihi haraka ili watu waende nyumbani. Daktari alikuwa tayari nyuma ya usukani. Gurudumu lilirudishwa, bei ikalipwa yote, sanduku likaingia nyuma, na Janeffer akakaa mbele, akaondoka kwenda Nakuru ndani ya kazi ya baba yake. Mama yake alisimama barabarani mpaka sauti ya injini ilipopotelea kwenye michai. Hakupunga mkono. Alikuwa ameshika mdomo.

Mwenyekiti aliendelea kuwa na miaka hamsini na saba, na jamii iliupokea uamuzi huo kwa heshima. Katika harusi iliyofuata alipoingia kwenye hema la wazee, aliombwa kwa upole aende na vijana wabebe viti. Kwenye mazishi aliwekwa upande wa kuchanja kuni. Mursik, maziwa yetu ya kuganda yenye masizi ya mkaa, ilizungushwa kwa kufuata umri, na ilipomfikia, kibuyu kilikuwa na masizi tu. Akina mama wa kanisani walimtuma chumvi. Mama Janeffer, kila walipokutana, alimuuliza, "Hujambo mwanangu, unasoma vizuri?"

Alivumilia mpaka mvua za masika. Asubuhi moja aliingia kwa Bi Dorine, akafunga mlango, akataja umri wake wa kweli. Bi Dorine alimpongeza kwa kufika mbali hivyo, akamstaafisha kabla ya chakula cha mchana, na akapokea ufunguo wa gari.

Alirudi Roret akiwa mzee. Wazee wenzake walimwambia maneno matupu hayatoshi. Kitu kinachoonekana kipya kuliko umri wake, walisema, kinahitaji cheti, na kamati ya mambo hayo ipo.

Akaleta ombi kwetu. Tulilishughulikia bila upendeleo. Makarani walimzunguka, wakagundua kwamba nywele zilikuwa zimepakwa rangi upya, nyeusi isiyo ya kiwandani, na wakaagiza rangi ya awali irudishwe. Tulipima mguu mmoja, tukazidisha kwa mbili, tukatoa umande. Alikuwa na upungufu mkubwa. Ilibaki kumtafuta shahidi wa macho, na wazee wa rika lake wote walidai wamesahau. Mama Janeffer ndiye aliyekubali kuja. Alimtazama kwa muda, akamwomba akunje suruali.

"Ni yeye," alisema. "Hilo goti ni lile la bampa."

Kamati ilipitisha kwa kauli moja kwamba mwombaji ni wa zamani na ni halisi. Cheti nimekiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, na muhuri uko tayari. Kinachokosekana ni sahihi ya mwenyekiti, na kiti hicho, kwa sasa, hakina mtu. Jumamosi kuna harusi Sigowet. Ameambiwa afike mapema, kwa kuwa viti ni vingi.