Nguzo na Mipira ya Pembeni

Jumatatu, 3 Juni
Hatimaye! Katibu wa klabu ya kriketi kanipigia simu. Wanataka jukwaa jipya liitwe kwa jina la baba mkwe, na wananiomba mimi, mkwewe ninayeishi naye, niandike maneno machache juu ya sifa zake za enzi zile. Alikuwa mpigaji. Wakimwita Nguzo. Siku moja alisimama na gongo lake la kupigia mpira tangu asubuhi hadi jioni, wenzake wakitolewa mmoja mmoja, akaiokoa timu. Kisa hicho nakisikia kila tukikaa mezani. Gongo lenyewe limetundikwa sebuleni, pale pale palipofaa cheti changu cha ufundi wa friji. Nimemwambia mke wangu nitafanya utafiti. Akaniomba, kwa upole, nisifanye.

Jumatano, 5 Juni
Nimempata Kimbunga! Ndiye aliyekuwa mrushaji wa timu pinzani siku ile, mtu wa kuvunja vile vijiti vitatu anavyolinda mpigaji ili asitolewe, na meno ya watu. Sasa ni mzee mpole, anaishi kwa bintiye nyuma ya posta. Nikamuuliza kijanja: hivi Nguzo alikuwa hodari kweli? Akacheka mpaka akakohoa. Akasema angeweza kumtoa kabla ya chai ya asubuhi. Moyo wangu ukaruka! Sikuuliza zaidi. Mtafiti mahiri humwacha shahidi aseme mbele ya watu. Nimemwalika chakula cha mchana Jumapili.

Jumapili, 9 Juni
Mungu wangu.
Wazee walikumbatiana mlangoni, wakaitana majina ya ujana. Nikangoja nyama iishe, ndipo nikamwomba Kimbunga arudie aliyoniambia. Akarudia, tena kwa furaha, akidhani baba anajua. Kumbe asubuhi ile Nguzo alimnong'oneza kuwa baba wa mchumba wake yumo kati ya watazamaji, na bado hajakubali kumpa binti. Kimbunga akamwonea huruma. Kutwa nzima akairusha mipira pembeni ya vijiti, makusudi, asimtoe.
Mama mkwe akaweka kijiko chini. Baba akauliza, taratibu, "Yote?"
"Yote, ndugu yangu. Nilidhani uliona."
Baba akasema hakuona. Akaomba radhi, akaenda kulala, mchana kweupe.
Nilikuwa nimeshinda. Nikaanza kukusanya sahani.

Jumanne, 11 Juni
Gongo limeondolewa ukutani. Limeacha alama nyeupe, ndefu. Cheti changu hakiizibi; nimejaribu kwa urefu na kwa upana. Baba kampigia katibu kumwambia watafute jina jingine. Binti yangu alimwomba babu kile kisa. Babu akamwambia ale. Mke wangu hasemi nami. Ujumbe wake unapitia kwa mtoto. Kumbe nilikizoea kisa kile! Nakijua hadi mahali pa kukohoa.

Ijumaa, 14 Juni
Mpango wa kurekebisha! Nilimwangukia Kimbunga aje aseme alichanganya mechi. Akaja, maskini, kavaa koti. Akasema kama nilivyomfundisha, macho kwenye zulia. Baba akammiminia chai.
"Ndugu yangu," akamwambia, "hata uongo wako unakwenda pembeni."
Wakacheka kidogo. Kisha hawakucheka. Mimi nikatoka nje, nikajifanya nasoma mita ya umeme.
Baadaye baba aliniambia kwamba yeye, aliponipa binti yake, hakunichunguza. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 16 Juni
Kicheko kimerudi! Ili kumchangamsha mzee, mama mkwe alitusimulia alivyowashinda wasichana wa wilaya nzima kwa mbio enzi za shule, huku kiatu kimoja kakishika mkononi. Hatukuwahi kukisikia kisa hiki. Baba akatabasamu, akaomba aelezwe tena. Mke wangu akanipa chumvi kwa mkono wake mwenyewe. Nimeapa moyoni: sitachimbua tena mambo ya watu. Raha ya nyumba ni kubwa kuliko ukweli wowote.
Ila kiatu mkononi? Wilaya nzima?
Nasikia mwalimu aliyeshika saa siku ile bado yu hai. Kesho nitapita. Kumsalimia tu.