Meza ya Lugha ya Mama Velma

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye yuko njiani, mwakilishi wa mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye naye amekwama kwenye foleni ya feri upande wa pili, Bwana Katana, mwalimu mkuu wetu mwenye subira nyingi, mchungaji, ustadhi, wazee wa mtaa, mama wa uji, wazazi wenzangu wa Mtongwe yote na viunga vyake, bila kumsahau dada huyu mgeni aliyejitolea kunishikia mwavuli, Mungu akuzidishie, inua kidogo, jua linanila shingo: hamjambo! (Hatujambo!) Hamjambo tena! (Hatujambo, Bi Mwenyekiti!)

Mimi ni Josephine Mweri, mama yake Velma wa gredi ya sita, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na kwa kuwa katibu hajachaguliwa, katibu vilevile. Shule niliiacha darasa la saba, lakini yenyewe haijaniacha, ndiyo maana maikrofoni iko mkononi mwangu na nyinyi mliosoma mmekaa. (Makofi. Kicheko.)

Leo nawasilisha ripoti ya utekelezaji wa awamu ya kwanza ya mradi wa kimkakati uitwao Meza ya Lugha, yaani fremuwaki shirikishi ya kuwakutanisha mastekiholda wawili wakuu, mzazi na mwalimu wa lugha, kwa mashauriano endelevu, monitaringi, na chai. (Makofi marefu kwenye chai.)

Tatizo tunalijua. Siku ya wazazi, foleni ya mwalimu wa hesabu inapinda kwenye tangi la maji na kuishia chooni, ya Kiingereza inaifuata nyuma, lakini mwalimu wa Kiswahili amekaa peke yake, na watu wanamwekea mikoba mezani awaangalizie wakipanga foleni kwingine. Wangu pia niliuweka pale, wala uso wake sikuutazama. Kwani Kiswahili twende tukaulize nini? Mimi Mweri, niliyezaliwa hapa nikanyonya hapa, nikae mbele ya mwalimu aliyetoka Machakos juzi anieleze habari za mdomo wa mwanangu? (Kicheko. Mwavuli unayumba.) Dada, mwavuli!

Hata hivyo, kama kiongozi mwenye maono, niliketi nikafikiri. Mwalimu wa hesabu anaona jibu tu, sawa au kosa, basi. Wa lugha ndiye anayemsimamisha mtoto asome kwa sauti, akamsikia anapokwama, akamwona anavyokishika kitabu, akajua nani amelala na njaa na nani kanuniwa nyumbani. Huyo ndiye mwalimu mwenye habari zetu, na ndiye tusiyemwuliza! (Sauti: "Wallahi kweli!") Asante, Faki. Andikeni hilo, limetoka kichwani mwangu.

Kwa hiyo nikabuni Meza ya Lugha, na mafanikio yake yanajieleza: asilimia mia moja ya wazazi waliofika kwenye meza hiyo wameridhika. (Faki: "Walifika wangapi, dada?") Swali zuri sana, Faki, litashughulikiwa na kamati ndogo, ambayo nitaiunda.

Mfano hai ninao nyumbani. Velma wangu, jamani! Mtoto anapenda kusoma mpaka kitabu anakibandika puani kama anayenusa pilau. Husoma hadi machozi yanamtoka kwa utamu wa hadithi. Darasani, naambiwa, hakai kwenye dawati lake. Anainuka anaufuata ubao mpaka auguse, kwa ile hamu ya elimu. Mwalimu wake wa Kiswahili, Mwalimu Mueni, ameniita muhula wa kwanza kupitia mtoto, muhula wa pili kupitia simu, na juzi kupitia mama wa uji: "Mama Velma, njoo tuonane, ni muhimu." Nikajua tu, huyu anataka kunisifia mwanangu. Sifa haziozi, nikasema, zingoje. (Kicheko. Mama wa uji anatikisa kichwa.)

Kwa hayo machache, semeni nami: Meza ya Lugha! (Oyee!) Mzazi na mwalimu! (Bega kwa bega!) Chai! (Oyee, oyee!)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru fundi Lewa kwa meza imara ya mvule, ambayo ataanza kuitengeneza pindi mbao zitakapopatikana. Nawashukuru nyote kwa kuhudhuria vikao vya awamu ya kwanza, ambavyo tarehe yake tutatangaziana. Na kwa namna ya pekee namshukuru mshirika wangu mkubwa katika mradi huu, Mwalimu Mueni, ambaye mpaka leo sijabahatika kumwona. Kama yupo, tafadhali asimame tumpigie makofi. (Kicheko kikubwa.) Yuko wapi? Bwana Katana, unacheka nini? (Faki: "Dada Mweri, geuka nyuma!")

Alaa! Ni wewe? Na mkoba wangu siku ile, uliniangalizia wewe? (Mwalimu anamnong'oneza sikioni.) Eh? Sema, mwalimu, usiogope, hawa ni wenzetu. Nani haoni? (Mwalimu anamnong'oneza tena.) Velma haoni ubao? Tangu muhula wa kwanza? Ile ya kunusa kitabu... na yale machozi... (Maikrofoni inalia. Mtu anaizima. Mwenyekiti anaendelea kwa sauti yake mwenyewe.)

Velma! Velma, mama, njoo hapa. Njoo polepole, kuna ngazi. Kesho asubuhi mimi na wewe tunakwenda kwa daktari wa macho, sikilizeni nyote, na hilo si la kamati ndogo.

Ndugu wazazi, ripoti niliyoisoma iwekeni kando. Meza hakuna. Leteni viti vitatu: cha mwalimu, cha mtoto, na changu. Chai nayo hakuna, mama wa uji atusaidie. Wenye watoto kwa mwalimu huyu, foleni inaanzia nyuma yangu, na Faki usisukume.

Mwalimu, shikamoo yako, ingawa umri wangu ni mkubwa. Sasa keti, unieleze moja moja. Lete huo mwavuli, nikushikie mimi.